Donati za Mchele za Kikorea: Tujifunze Ufundi, Tusiazime Jina



Siku hizi simu zetu hazikosi kitafunio kipya, na sasa zamu ni ya Wakorea. Tunaona viduara vya rangi ya dhahabu vimegaragazwa kwenye sukari, mtu anauma kimoja na ndani kinanyumbuka kama bigijii, katikati mna maharage matamu yaliyopondwa. Wenyewe wanaziita chapssal doneot, yaani donati za mchele wa kunata. Watoto wetu wanaofuatilia tamthilia za Kikorea wanazitaka. Wateja wetu wa futari na wa shughuli wanaziulizia. Na sisi tunaoishi kwa kuuza vitafunio au kwa cherehani, au kwa vyote viwili, tunaanza kujiuliza kama hapo pana riziki.

Maoni yetu tunayasema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo. Riziki ipo, lakini haimo kwenye pakiti ya unga iliyotoka mbali, wala haimo kwenye neno "Kikorea" lililoandikwa juu ya boksi. Imo katika kuelewa Wakorea wenyewe walifanya nini mpaka kitu hiki kikawa chao. Tukilielewa hilo tutafaidika. Tusipolielewa tutamaliza mitaji yetu midogo kwa kufukuzana na picha.

Kwanza tujue ni kitu gani

Mchele wa donati hizi si huu tunaopikia wali na pilau. Ni mchele wa kunata, ambao Wakorea wanauita chapssal. Punje zake ni fupi na nyeupe kama maziwa, na ukiupika unashikana. Sababu yake ni wanga. Mchele wetu wa kawaida una aina mbili za wanga, na ile aina moja, inayoitwa amilosi, ndiyo inayofanya punje zikae mbalimbali. Mchele wa kunata karibu hauna amilosi kabisa, ndiyo maana unga wake ukikutana na maji ya moto unakuwa laini na wa kuvutika.

Hapa tuondoe kosa moja. Jina la Kiingereza la mchele huu linafanana na neno gluteni, kwa hiyo watu wanadhani una gluteni. Hauna. Kunata kwake ni kwa wanga. Lakini donati za sokoni huko Korea mara nyingi huchanganywa na unga kidogo wa ngano ili zishikamane vizuri. Kwa hiyo ukiwa na mteja ambaye tumbo lake halipatani na ngano, usimwambie kwa mkato tu kwamba "hii ni ya mchele, kula." Mwambie kilichomo.

Ndani yake mna pat, maharage madogo mekundu yanayochemshwa, yakapondwa na kutiwa sukari. Haya ni ndugu wa choroko na kunde, ni wa ukoo mmoja. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Wakorea hula donati hizi sokoni, zikiwa moto, zimefungwa kwenye karatasi. Ukifika Soko la Gwangjang mjini Seoul, lililoanza mwaka 1905, utawakuta watu kwenye foleni wakisubiri ndugu yake donati hii, kkwabaegi, ambayo unga wake husokotwa kama kamba kabla ya kukaangwa, na hapo sokoni huwa na unga wa mchele wa kunata. Si chakula cha hoteli kubwa. Ni kitafunio cha mtu aliyetoka kununua samaki na mboga, kama sisi tunavyopita Darajani tukanunua kitu cha kutafuna kabla ya kupanda gari.

Wakorea walifanya nini?

Neno doneot si la Kikorea. Ni la kigeni, limegeuzwa tu likae vizuri kwenye ulimi wao. Na ngano haikuwa chakula chao kikuu, wao ni watu wa mchele. Baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953 nchi ilikuwa na njaa, na unga wa ngano uliingia kwa wingi kama msaada kutoka Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 mchele haukutosha, na serikali ya Korea Kusini ikaendesha kampeni ya kuwataka watu wachanganye nafaka nyingine kwenye wali na wale zaidi vyakula vya ngano. Walimu walikuwa wakifungua vyakula walivyobeba wanafunzi kuangalia kama wali umechanganywa. Vitafunio vingi vya ngano wanavyovipenda leo vilienea katika miaka hiyo.

Lakini mila yao ya mchele wa kunata na maharage matamu haikufa. Ilikuwapo zamani katika tteok, mikate yao ya mchele ya sherehe. Mtoto akitimiza siku 100 au mwaka mmoja hupikiwa tteok. Mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, mwezi wa Novemba, hupewa mkate wa mchele wa kunata uliojazwa maharage, kwa sababu kwa Kikorea neno moja lina maana ya kunata na pia ya kufaulu. Sisi tunajua kwamba kufaulu ni kwa juhudi na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, si kwa mkate. Lakini tunaona jinsi chakula hiki kilivyo karibu na mioyo yao.

Basi angalieni walichokifanya. Jina wamelichukua nje. Kukaanga duara la unga kwenye mafuta na kuligaragaza kwenye sukari ni mtindo wa donati. Lakini unga wakaweka wao, na cha ndani wakaweka chao. Bibi wa Kikorea akila anatambua ladha ya sherehe za utotoni mwake, na mjukuu wake anaona ni donati.

Fundi wa cherehani anaelewa jambo hili haraka. Mteja akija na picha ya gauni kwenye simu, fundi mwenye akili hakati kitambaa palepale. Anaangalia mshono umekaaje, anauliza kitambaa gani kinapatikana dukani, kisha anapima mwili wa huyo aliyesimama mbele yake. Gauni la kwenye picha lilikatwa kwa vipimo vya mwingine.

Halali yake tuichunguze

Donati ya mchele wa kunata kwa asili yake ni unga, maji, sukari, chumvi, beking pauda na maharage. Hapo hapana shaka. Shaka inaingia pembeni, na sisi tunaonunua na kuuza tunatakiwa tuijue.

La kwanza, kuna kitafunio kingine cha Kikorea kinachofanana sana na hiki, kinaitwa gaeseong juak, kutokana na mji wa Kaesong. Nacho ni cha unga wa mchele wa kunata uliokaangwa, kisha kikachovywa kwenye shira. Kwenye picha kinavutia, na siku hizi kimekuwa maarufu sana kwao. Lakini unga wake kwa kawaida hukandwa kwa makgeolli, ambayo ni pombe ya mchele. Dada anayenakili maelezo kwenye video bila kujua neno hilo ni nini anaweza kuiagiza au kuitafutia mbadala usiofaa. Ukiliona neno makgeolli, acha. Hamira na maji ya uvuguvugu vitaumua unga wako, na moyo wako utatulia.

La pili ni mafuta. Huko sokoni kwao karai moja linaweza kukaanga donati na pia soseji za vijiti, na soseji nyingi za huko zina nguruwe. Ndugu zetu waliopo Korea kwa masomo au kazi waulize kabla ya kununua. Kuuliza si ushamba. Waislamu wapo huko, na Msikiti Mkuu wa Seoul ulioko Itaewon umefunguliwa tangu 1976, kwa hiyo maduka ya halali yapo kwa anayetafuta.

La tatu ni imani zinazoambatana na chakula. Wakorea wana mila ya kupika uji wa maharage mekundu siku fupi kuliko zote katika mwaka, mwezi wa Desemba, na zamani waliamini rangi nyekundu inafukuza mabaya. Maharage hayana kosa, tutayala. Imani hiyo tutaiacha hukohuko ilikotoka.

Na tusidhani chakula cha namna hii ni kigeni kwa Waislamu. Indonesia, moja ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani, wana onde-onde: duara la unga wa mchele wa kunata, lililojazwa choroko tamu, likapakwa ufuta na kukaangwa. China wanayo ya ufuta, na Vietnam wana yao inayojazwa choroko. Kila watu wameshona kwa kitambaa chao.

Tusiuze jina

Sasa tuseme lile linalotuuma. Tumeona donati za kawaida za ngano, zimetiwa sukari juu, zinauzwa kwa bei kubwa kwa sababu tu boksi limeandikwa "za Kikorea". Mteja hajawahi kuila ya kweli, kwa hiyo hajui. Analipa, anakula, anasema kumbe ni andazi tu. Hiyo ni ghushi, na dini yetu imeikataza ghushi hata kama faida yake ni shilingi mia. Halafu kuna hasara ya dunia pia: mteja huyo akidanganywa mara moja hatarudi kwako, na atamwambia shoga yake.

Upande wa pili wako dada zetu waliofanya uaminifu wakaumia. Wanaagiza pakiti ndogo za unga wa mchele wa kunata na kopo la maharage yaliyopondwa, vyote kwa bei ya juu, kisha wanapanga donati kwa bei ya andazi ili ziuzike. Wiki mbili mtaji umekwisha. Kabla hujanunua pakiti, kaa chini na kalamu. Gramu 500 za unga wa mchele wa kunata, ukichanganya na ngano kidogo, sukari na maji, zitakupa kama donati 35 za gramu 30 kabla ya kuzijaza. Andika bei ya unga, ya maharage, ya sukari, ya mafuta, ya gesi au mkaa, ya boksi. Andika na mkono wako. Sisi wa cherehani tunajua kwamba mshono una bei yake mbali na kitambaa; kwa nini jikoni tusahau? Jumla ukiigawa kwa 35 utaiona bei ambayo chini yake unafanya sadaka, si biashara.

Jambo jingine la biashara: donati hii hailali. Wanga wa mchele ukipoa unakakamaa, na friji ndiyo inauharakisha. Ya asubuhi ni tamu, ya kesho ni kama kokoto. Kwa hiyo usikaange ukasubiri mnunuzi. Pokea oda kwanza, kaanga jioni, zifike mezani kabla ya Magharibi.

Namna ya kuipika

Anayetaka kuipika ya kweli, hivi ndivyo inavyokwenda. Changanya unga wa mchele wa kunata gramu 500, unga wa ngano gramu 80, sukari gramu 80, chumvi kijiko kimoja cha chai na beking pauda vijiko viwili vya chai. Tia maji ya moto kidogo kidogo, kuanzia kikombe kimoja na nusu, huku unakoroga kwa mwiko, mpaka unga ushikane. Ukipoa kiasi cha kushikika, ukande mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Ufunike kwa kitambaa kibichi, maana unakauka upesi na kupasuka.

Kata vidonge, bonyeza kila kimoja, weka katikati maharage yaliyopondwa kiasi cha gramu 15, kisha ziba vizuri kabisa. Usiache ufa. Hapa tunasisitiza: mvuke ukibanwa ndani, donati hizi zinaweza kupasuka kwenye karai na kurusha mafuta. Watoto wakae mbali, na mafuta yasiwe makali. Anza na moto mdogo, nyuzi kama 150 hadi 160, na uzizungushe kwa upawa bila kuchoka mpaka zivimbe na kupata rangi. Zichuje mafuta, ngoja kidogo, ndipo uzigaragaze kwenye sukari.

Na neno kwa wenye wazee na watoto wadogo nyumbani: chakula hiki kinanata, kinaweza kumkaba mtu kooni. Kikate vipande vidogo, na watafune taratibu. Wenye kisukari nao wasidanganywe na neno mchele. Ni wanga, sukari na mafuta. Kimoja cha kuonja na chai isiyo na sukari, basi.

Na sisi je?

Wako watakaosema: tuna kitumbua, tuna kaimati, tuna vibibi, ya Wakorea ya nini? Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao moja kwa moja. Mchele wenyewe ulitoka Asia. Sambusa, chapati na biriani zilivuka bahari. Bibi zetu hawakuvikataa, walivitia iliki na nazi, na leo hakuna anayetuambia biriani ya Unguja si yetu. Wao walifanya kama Wakorea walivyofanya na donati.

Kwa hiyo tunawaona wenzetu wana njia mbili za haki. Ya kwanza ni kupika ya Kikorea kwa unga wake, kwa oda, kwa bei yake, na kuiita kwa jina lake. Ya pili, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kuchukua ufundi na kuweka vyetu. Choroko zipo kila soko. Zichemshe, ziponde na sukari na iliki, zikaushe kwenye sufuria mpaka zishikane. Watu wa Indonesia na Vietnam wameshatuonesha kwamba zinafaa. Unga wetu wa mchele wa vitumbua peke yake hautanyumbuka na utapasuka, lakini wanga wa muhogo una ile hali ya kuvutika. Wenye subira wachanganye kidogo kidogo, waandike vipimo, wapike vichache vichache mpaka wapate wanachokitaka. Maji ya moto wanaweza kuyabadili kwa tui la moto.

Kitakachotoka hapo hakitakuwa cha Kikorea, na tusikiite hivyo. Tukipe jina letu la Kiswahili, tusilionee haya. Kikiwa kitamu, jina litakuja kutafutwa na wengine. Wala tusikifiche kwa shoga jirani anayeuza pembeni yetu, maana riziki ya kila mtu imeandikwa, na mtaa wenye wapishi kumi wazuri unaletewa wateja kuliko wenye mmoja.

Ramadhani ikikaribia tutaona tena picha mpya, pengine si za Korea, za nchi nyingine. Kila moja tuiulize maswali matatu kabla ya kutoa hela kwenye kijaluba: ndani yake mna nini, ni halali? Mkono wangu na mtaji wangu vitalipwa? Na kipi hapa ni ufundi wa kujifunza, kipi ni jina tu? Atakayejibu haya matatu kwa ukweli hatapata hasara, kwa uwezo wa Allah.

Mwenyezi Mungu azitie baraka mikono yetu, atulinde na ghushi, na atujaalie riziki ya halali. Aamin.